Dar hadi Kaboya: kumsalimia baba mkubwa

Nimerudi Dar wiki mbili zilizopita na kifundo cha mguu bado kimevimba kwa kukaa kwenye basi. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari la bei la dukani, upande wa nyuma, na kutoka kwenye picha za simu ambazo nusu yake ni kidole changu. Walioniuliza kuhusu njia, gharama, na kama "wanaruhusu kuingia kule," majibu wataya­kuta humo humo njiani.

Kaka wa baba yangu alikwenda Vita vya Kagera na hakurudi. Amezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Sisi ni watu wa Kilosa, na tangu azikwe hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufika. Nauli, mvua, shamba, msiba mwingine, kila mwaka na sababu yake. Mimi nilizaliwa 1980, nikapewa jina lake. Nyumbani sijawahi kuchapwa fimbo na bibi, maana alisema hawezi kumpiga mwanawe mara mbili.

Baba sasa magoti yamekataa. Alinipa ujumbe mmoja tu, nao nitausema ukifika wakati wake.

24 Julai, Dar es Salaam

Basi lilikuwa kesho yake, ila kwangu safari ilianza siku hii, saa tisa alasiri, nilipofunga duka na kutembea kwa miguu kutoka Kariakoo hadi Posta.

Miaka 18 nauza nyaya na soketi Kariakoo, na ni wateja wachache mno wanaojua jina la mahali tunapogombania bei. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wao wa kijeshi, Carrier Corps. Ulimi wa watu ukaikunja ikawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Wapagazi ndio waliobeba risasi, unga na majeruhi porini kwa miaka minne ya vita vile, wakafa kwa maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wao walichoachiwa ni soko.

Sanamu ya Askari pale Samora kila mtu anaijua kwa kupanga nayo miadi: "Tukutane Askari." Ni ya shaba, iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na ncha ya singe imeelekea bandarini. Kabla yake Wajerumani walisimamisha papo hapo sanamu ya gavana wao Wissmann. Nimepita pale labda mara elfu tatu. Siku hii ndiyo mara ya kwanza kusoma maandishi yake, ambayo yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Maneno aliyatunga Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari, yanawataja na wapagazi kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nikazunguka sanamu nzima nikitafuta jina. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kijana mng'arisha viatu akaniuliza:

"Bosi, umeangusha kitu?"

"Natafuta jina."

"La nani?"

"La huyu hapa juu."

Akamtazama askari, akanitazama mimi. "Huyu anaitwa Askari."

Nilimpa miguu yangu yote miwili aing'arishe, 1,000.

Kama unataka kuisoma sanamu kwa utulivu, nenda asubuhi mapema au siku ya mapumziko. Jioni utasukumwa na watu wanaokimbilia mwendokasi, na simu ishike kwa mikono miwili.

25 Julai, Mbezi hadi Mwanza (kwa shida)

Niliichagua tarehe kwa makusudi, kwani ni Siku ya Mashujaa. Kituo cha Magufuli pale Mbezi saa kumi alfajiri kinafanana na sokoni siku ya sikukuu. Nauli hadi Mwanza nililipa 70,000, nikapata kiti cha dirishani, nyuma ya tairi, yaani kila tuta nililipokea mimi kwanza.

Tulipoiacha Morogoro jirani yangu, mzee aliyevaa koti la suti juu ya fulana, alitoa simu akafungua matangazo ya moja kwa moja kutoka Dodoma. Zamani shughuli hii nilikuwa naiona Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka dukani. Sasa imehamia makao makuu. Tukaegemeana vichwa, na wa kiti cha nyuma wakainuka kuchungulia. Gwaride la maombolezo, bunduki zimeinamishwa, miguu inakwenda taratibu kama inaogopa kuamsha mtu. Rais akaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi akaweka sime. Likafuata shada la maua la kiongozi wa mabalozi, kisha upinde na mishale, kisha shoka kutoka kwa askari wastaafu.

Mzee akasema, "Hizo ni silaha za babu zetu." Nikawaza kwamba hata aliyeuawa na roketi anawekewa ngao, na wala sikuona kasoro. Anayekwenda mbali hufungiwa kitu cha nyumbani.

Tarumbeta ilipoanza mtandao ukakata. Tulikuwa tunakaribia Gairo. Konda, ambaye tangu Mbezi alikuwa ametubana na singeli, alikuwa ameupunguza muziki bila kuombwa na mtu. Tulipopata mtandao tena viongozi wa dini walikuwa wamemaliza dua. Muziki ukarudi vilevile.

Dodoma, Manyoni na Singida tulizipita vizuri. Singida walipanda wauza asali na kuku wa kuchoma. Kuku robo 5,000, mgumu lakini mkweli. Giza lilipoingia, karibu na Shelui, gari likaanza kunusa moto. Fundi akaingia chini, akatoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Bearing ya gurudumu la nyuma. Tulikaa pale saa tatu na nusu.

Mama mmoja mwenye genge la barabarani alikuwa anafunga. Aliposikia tuna watoto kwenye basi, akawasha moto upya, akapika uji sufuria zima. Nilipotoa pesa aliwapa watoto kwanza, watu wazima baadaye, na pesa akachukua kwa watu wazima peke yao. Kikombe 300. Alipoambiwa naelekea Kagera kwenye kaburi la mwanajeshi, aliurudisha mkono wangu na ile mia tatu ndani yake. "Nenda nayo, kaka. Hiyo ni ya huko."

Nyegezi, Mwanza, tulifika saa nane usiku. Konda alituruhusu tulale garini hadi kupambazuke. Usione aibu kuomba. Nilikuwa nimetenga 25,000 za lodge na zilibaki mfukoni.

Anayetaka kupunguza mateso anaweza kupanda treni ya umeme Dar hadi Dodoma kisha akadaka basi huko. Nauli ya kawaida ya treni ilianza kwa 31,000 mwaka 2024. Mimi nilijua hilo. Nilikuwa na kifurushi cha baba, ndizi za bibi mdogo na sanduku, nikaona uvivu kupanda na kushuka. Uvivu umenigharimu kifundo cha mguu.

26 Julai, Mwanza na usiku wa ziwani

Mchana wa Mwanza nauruka: niliosha shati, nikala sato, nikalala kwenye benchi.

Jioni MV Victoria. Ni meli ya tangu enzi za ukoloni, ilikaa miaka mingi bila kufanya kazi, ikakarabatiwa na kurudi majini 2020. Tiketi kata mapema ofisini bandarini na uulize siku za safari, maana haiendi kila siku. Kama mfuko unaruhusu chukua kitanda. Mimi nilichukua kiti, nikajuta kuanzia saa sita usiku.

Hata hivyo kiti ndicho kilichonipa jirani, mama mtu mzima wa Kihaya mwenye kitenge cha bluu, aliyefungua kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba. Ndani kulikuwa na buni za kutafuna, zile wanazozichemsha na kuzikausha. Akanipa mbili. "Tafuna pole pole, mwanangu. Ukitafuna haraka utaona chungu tu."

Ziwa lilikuwa limetulia. Taa za Mwanza zilipokuwa bado zinaonekana aliacha kuongea, akageukia maji, midomo ikawa inatikisika. Nikajua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo kuingia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Wengine walizikwa Igoma, wengine hawakupatikana.

"Dada yangu yumo humu," akaniambia baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuonyesha nyumba ya ndugu barabarani.

Nikamweleza na mimi naenda wapi. Akanipa buni ya tatu.

"Basi wewe una pa kufikia," akasema.

27 Julai, Bukoba

Meli ilisimama Kemondo kabla ya mapambazuko kushusha abiria na mizigo, kisha ikaingia Bukoba na manyunyu. Ujue: Kagera kunanyesha hata Julai, na asubuhi kuna baridi. Sisi wa Dar tunakuja na vishati vya mikono mifupi tukidhani Tanzania nzima ni Magomeni.

Lodge karibu na stendi 20,000, maji ya moto kwenye ndoo. Ndizi za kupika na maharage, 3,000, sahani ambayo Kilosa ingelisha watu wawili. Mhudumu aliniuliza kama nimeshiba kabla sijafika nusu.

Mji huu vita viliufikia mapema kuliko ninavyodhani wengi wanajua. Juni 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutokea upande wa Kenya, wakaushambulia siku mbili, wakaangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani na kuondoka. Nilitembea ufukweni nikitafuta alama ya tukio hilo. Sikuiona, nikala mahindi ya kuchoma.

Jambo muhimu kwa watakaofuata: Kaboya iko ndani ya eneo la jeshi. Usiende kama unakwenda mbuga ya wanyama. Mimi nilianza kuulizia wiki tatu kabla ya safari, nikabeba barua ya serikali ya mtaa ninakoishi, kitambulisho cha taifa, na karatasi ya zamani ya familia ya taarifa ya kifo, ambayo mikunjo yake imeshikiliwa na selotepu. Jioni hii nilipigiwa simu: njoo tarehe 29 asubuhi. Kwa hiyo tarehe 28 ilikuwa yangu.

28 Julai, Kyaka

Baba hajui kaka yake alifia wapi. Karatasi inasema vitani, basi. Lakini najua alipita Kyaka, kwa sababu waliokwenda Uganda kwa barabara hii walipita Kyaka wote.

Gari ndogo ya abiria kutoka Bukoba, 5,000, watu saba mahali pa wanne. Barabara ya lami inakwenda kwenye mashamba ya migomba, kisha nchi inafunguka ikawa nyasi na anga. Dereva alinishusha darajani.

Mto Kagera pale si mpana wa kutisha, ila una maji mazito, ya kahawia, yanayokwenda bila kelele. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateremka hadi mtoni, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto ni ya Uganda, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Siku ya pili yake Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa, yale maneno ambayo hata mtoto wangu wa darasa la tano anayajua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tarehe 3 Novemba Waganda wakalilipua daraja la Kyaka ili wasifuatwe. Jeshi letu likatandika daraja la chuma la muda na kuvuka kabla mwezi haujaisha.

Nilitoa simu kupiga picha, mzee mmoja mwenye baiskeli iliyobeba mkungu akaniambia niirudishe mfukoni kwanza. "Madaraja hayapigwi hovyo. Piga mto."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi wewe? Kiswahili chako cha reli."

Nilipomwambia shida yangu alimwachia mkungu kijana wa duka la karibu, akaniambia twende. Hatukukubaliana malipo na mwisho alikataa. Alikubali soda na nusu kilo ya sukari, hiyo nayo baada ya mabishano.

Mwaka 1978 alikuwa darasa la sita, kwao kaskazini ya mto, upande wa Bunazi. Alisema asubuhi moja walisikia mizinga wakadhani ni kiwanda cha sukari kimepasuka kitu. Mama yake aliwafunga wadogo mgongoni na kifuani, baba akabaki nyuma kufungua ng'ombe. Walivuka daraja hili kwa miguu katikati ya watu wengi, likiwa bado zima. Baba alivuka siku iliyofuata bila ng'ombe. Waliorudi kuangalia nyumba hawakuonekana tena. Raia waliouawa katika ukanda ule wanakadiriwa kufika 1,500. Mifugo na mabati vilibebwa kuvushwa Uganda. "Tulirudi tukakuta hata milango imeondoka," alisema. "Mtu anaiba mlango! Sasa anaufunga wapi?"

Kilimani, juu ya mto, lipo gofu la kanisa lililopigwa mabomu katika vita ile. Halijajengwa upya wala halijabomolewa. Limeachwa liwe kumbukumbu. Kuta zimesimama bila paa, majani yameota palipokuwa na watu waliopiga magoti. Nimeona minara mingi kwenye safari hii, na kwangu hili gofu linasema zaidi ya minara iliyochongwa, labda kwa sababu hakuna aliyelipanga liseme. Mbuzi watatu walikuwa ndani. Mzee aliwafukuza, akavua kofia, akasimama kidogo, akavaa kofia.

Nikamuuliza kama aliwaona wanajeshi wetu wakipita.

"Kuwaona! Siku na siku. Malori, halafu mabasi ya abiria yaliyochukuliwa serikalini, yana majina ya miji ubavuni. Sisi watoto tulikuwa tunasoma: Moshi, Tanga, Songea. Na mgambo. Mgambo walikuwa wengi, wengine viatu haviwatoshi. Mmoja alinirushia biskuti ya jeshi. Ngumu! Niliilamba siku mbili."

Baba mkubwa alikuwa mgambo. Katika brigedi zilizoingia Uganda, ya 201 karibu yote ilikuwa mgambo, na ndiyo iliyokutana na jeshi la Amin, na Walibya waliokuja kumsaidia, pale Lukaya Machi 1979, ikasambaratika usiku wa kwanza, ikajikusanya na kurudi asubuhi. Sijui kama alikuwemo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na bibi yangu alicheza ngoma siku hiyo. Karatasi ilimfikia baadaye.

"Mzee, huyo aliyekupa biskuti alikuwaje?"

Aliniangalia muda. Nadhani alielewa nilichokuwa naomba, na alikuwa mtu mwaminifu mno kunipa.

"Sikumwona uso, kijana. Nilikuwa naiangalia biskuti."

Kutoka Kyaka magari ya kwenda Mutukula mpakani yapo muda wote, na ya kurudi Bukoba yanapungua jua likishuka. Rudi kabla ya saa kumi na moja.

29 Julai, Kaboya

Kaboya iko kusini mwa Bukoba, upande wa njia ya Muleba, kwa hiyo ukiwa unatoka Mwanza kwa basi unaipita kabla ya kufika Bukoba. Nilitoka saa moja asubuhi kwa hiace, nikamalizia na bodaboda. Dereva wa boda aliposikia ninakokwenda alipunguza mwendo na kunivalisha kofia yake, ambayo tangu tuanze ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. 3,000.

Getini nilipokewa kwa adabu na maswali. Simu niliiacha hapo. Kwa hiyo picha za Kaboya sina, na mpangilio wa kambi sitaueleza, msiniulize. Askari kijana, ambaye vita ile aliisoma shuleni kama wanangu, alinisogezea kitabu cha wageni. Nikaandika jina langu, nilikotoka, namba ya kitambulisho. Safu iliyofuata ilitaka jina la ninayekuja kumwona. Nikaandika.

Akakigeuza kitabu, akasoma, akanirudishia.

"Mzee, umekosea. Umejiandika mara mbili."

"Sijakosea, afande."

Alisoma tena, kidole kikienda kutoka safu hii hadi ile. Jina la kwanza lile lile, la ukoo lile lile. Nikatoa ile karatasi ya selotepu. Aliisoma akiwa amesimama, akafunga kitabu, akaomba mwenzake ashike geti. "Nitakupeleka mwenyewe."

Makaburi yamo kwenye safu, yamenyooka, nyasi zimefyekwa. Kuna mnara mweupe wenye majina. Hakuna duka la soda wala mtu wa kukuuzia maelezo. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na nilisikia mahali fulani watu wanachapa kwata. Wengi wa walioko hapa walifia Uganda, wakarudishwa nchini wakazikwa pamoja katika mkoa uliovamiwa. Siku zote nilikuwa nimelaumu kwamba hawakumrudisha Kilosa. Nilipoona ile safu nikanyamaza na lawama yangu. Kulia kwake ana jirani, kushoto ana jirani.

Nilianza kusoma mnara kutoka juu kama mwanafunzi anayetafuta matokeo. Majina ya pwani, majina ya kusini, ya kanda ya ziwa, ya milimani. Akina Saidi na akina Yohana wamefuatana bila kuulizwa. Nilikuwa nimejiapiza kuyasoma yote kwa heshima. Nikiri tu kwamba katikati nilianza kuyaruka, macho yanakimbia, yanamtafuta wangu. Jina la mtu mwingine ni herufi mpaka uwe na shida naye.

Nilipoliona nilifanya jambo la kijinga: niligeuka nyuma, kama mtu aliyeitwa.

Askari alikuwa amerudi hatua kumi nyuma yangu na kunipa mgongo.

Sasa ujumbe wa baba. Kabla ya kuondoka, mwishoni mwa 1978, baba mkubwa alimwachia mdogo wake baiskeli, Raleigh ya kijani, akamwambia: nitunzie, nikirudi naichukua. Baba aliitunza. Aliipaka mafuta, hakuipanda. Karatasi ilipofika aliendelea kuipaka mafuta. Mwaka 1984 kulipokuwa na njaa aliiuza kwa magunia mawili ya mahindi, na mimi ni mmoja wa waliokula yale mahindi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia baba akiisema vita. Baiskeli aliisema mara nyingi.

Nikasogea, nikasema kwa sauti ya chini, maana haya ni mambo ya ndani ya ukoo: "Shikamoo, baba mkubwa. Mdogo wako anakusalimu, magoti ndiyo yamemzuia. Anasema baiskeli aliiuza. Anaomba radhi."

Nikaweka zile sarafu za mama wa Shelui, mia tatu, chini ya mnara. Sikuwa na uhakika kama inaruhusiwa. Nilipomwangalia askari alikuwa bado anatazama upande wa ziwa.

Tulirudi getini kimya. Akanirudishia simu, kisha akaniuliza kwetu ni wapi hasa Kilosa, kwa kuwa mama yake anatoka Kimamba. Tukaongea dakika kumi kuhusu mafuriko ya reli, kama watu wawili waliokutana stendi.

Gharama zote, Dar hadi Dar, pamoja na kurudi kwa basi moja kwa moja kutoka Bukoba, zilifika 340,000 na kitu. Ukisafiri wawili chumba mtagawana. Beba sweta, chenji ndogo ndogo, nakala mbili za kila karatasi, na kalamu yako; ya getini ilikuwa imekauka wino.

Kurudi hakuna la kusimulia. Masaa mengi, tairi moja.

Nilimpigia baba nikiwa kando ya barabara ya Muleba nasubiri hiace, mtandao unakuja na kuondoka. Nikamwambia nimefika, pametunzwa, jina lipo na limeandikwa sawasawa. Nikamwambia salamu nimefikisha.

"Na ya baiskeli?"

"Nimemwambia, baba."

"Umemwambia niliiuza."

"Ndiyo."

Akakaa kimya hadi nikadhani simu imekata.

"Kengele sikuiuza," akasema. "Ungemwambia na hilo. Kengele ninayo."

Hiace ilikuwa imeshasimama mbele yangu na konda ananivuta mkoba.